Msichana wa Ng'ambo ya Kagera

 Viongozi wa madarasa, wakaribisheni wazee wakae karibu na radio. Wenye kalamu wazishike, maana katika mazungumzo ya leo iko miaka ya kuandika.

Tukisema "historia", mara nyingi mawazo yetu hukimbilia kwa wafalme. Hapa Karagwe tunamtaja Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Hiyo ni historia, wala sina neno juu yake. Lakini historia haikwisha na wafalme. Leo nitazungumza juu ya msichana wa Rwanda aliyezaliwa mwaka 2003. Jina lake ni Henriette Ishimwe, na kazi iliyomfanya ajulikane ni kucheza kriketi.

Najua wako wanaonong'ona: kriketi inatuhusu nini sisi watu wa migomba na kahawa? Ngojeni kidogo. Ukienda magharibi kutoka hapa utaufikia mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Habari ya Henriette haikuanza kiwanjani. Ilianza na watu waliovuka mpaka ule kwa miguu, na wengine wao walikaa katika vijiji vyetu wenyewe.

Kwanza tuujue mchezo. Pimeni ardhi hatua 22 za mtu mzima. Huo ndio urefu wa njia ngumu iliyo katikati ya kiwanja cha kriketi. Kila mwisho wa njia husimamishwa vijiti 3 vya mti, vifupi kidogo kuliko kiuno cha mtu. Vijiti hivyo huitwa wiketi. Mpigaji husimama mbele ya vijiti akiwa na gongo bapa. Mrushaji huja mbio kutoka upande wa pili na kurusha mpira mgumu wa ngozi, akitaka kuviangusha. Haruhusiwi kukunja kiwiko na kukinyoosha kama mtu anayemtupia nyani jiwe shambani. Mkono wake huzunguka ukiwa umenyooka. Mpigaji akiupeleka mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili hubadilishana nafasi kwa mbio, na kila wakibadilishana huhesabiwa mkimbio 1. Mpira ukifika mpakani ni mikimbio 4. Ukivuka mpaka bila kugusa chini ni 6. Mpigaji ambaye vijiti vyake vimeangushwa, au ambaye mpira alioupiga umedakwa kabla haujagusa ardhi, hutoka, na mwingine huingia. Timu ina watu 11. Wakitoka 10, yule aliyebaki hana mtu wa kubadilishana naye, basi zamu ya timu imekwisha.

Andikeni neno moja zaidi: ova. Mrushaji akirusha mipira 6, ova imekwisha, na mwenzake huanza ova nyingine kutoka upande wa pili. Katika mchezo mfupi kila timu hupewa ova 20, yaani mipira 120. Hesabu hiyo msiisahau, tutaihitaji baadaye.

Katika timu nyingi wako hodari wa kupiga na wako hodari wa kurusha. Mchezaji anayetegemewa kwa kazi zote mbili huitwa mchezaji wa pande zote. Ni kama fundi ambaye siku ya kujenga ukuta huitwa, na siku ya kupaua huitwa tena. Faida yake ni kwamba asubuhi akishindwa kupiga, jioni anaweza kulipa deni kwa kurusha. Hasara yake ni kwamba hapumziki. Henriette ni mchezaji wa namna hiyo.

Kriketi ilitoka Uingereza. Waingereza waliichukua popote walipotawala: India, visiwa vya West Indies, Afrika ya Kusini, na huku kwetu Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miji yetu walioishika sana ni watu wa asili ya India, na kwa muda mrefu Mwafrika aliuona mchezo huu akiwa nje ya ua. Mwaka 1975 timu moja iliyoitwa Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kucheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. Wachezaji wake walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walicheza mechi 3 wakafungwa zote 3. Na mkae mkijua kwamba wanawake walikuwa wamewatangulia wanaume: Kombe la Dunia la kriketi ya wanawake lilichezwa mwaka 1973, miaka 2 kabla ya lile la wanaume. Wengi wakielezwa jambo hilo hawasadiki.

Rwanda haikuwamo katika habari hizo. Ilitawaliwa kwanza na Wajerumani, kisha tangu mwaka 1916 na Wabelgiji, na Wabelgiji si watu wa kriketi. Walileta mpira wa miguu na baiskeli. Mtoto aliyekulia Kigali au Butare wakati huo hakuwa na mahali pa kuliona hata gongo la kriketi.

Sasa tunafika penye mto wetu. Machafuko yalianza Rwanda mwaka 1959, na Watutsi wengi wakakimbia nchi. Wengine walikwenda Uganda, wengine Burundi na Kongo, na wengine walivuka kuja huku. Wazee wa Nkwenda na Kimuli wanaijua habari hii kuliko mimi, kwa sababu makambi ya wakimbizi yalikuwa pale. Mkimbizi alipewa jembe, akafyeka pori, akaoa, akazaa. Watoto wake walisoma shule za nchi alimokaa. Waliokulia Uganda na Kenya walijifunza Kiingereza, na katika shule nyingine za huko walikuta kriketi inachezwa. Mtoto hachagui kitu cha kujifunza ugenini. Hujifunza kile anachokikuta.

Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Julai, yalitokea Rwanda mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliouawa wanakadiriwa kuwa watu 800,000 au zaidi. Wengi wenu mnakumbuka mwisho wa Aprili mwaka ule, wakati watu wapatao 250,000 walipopita daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mambo hayo si ya kusimuliwa kwa haraka, na leo sitayasimulia. Nataka mshike jambo moja lililofuata. Vita vilipokwisha, wale wakimbizi wa zamani, pamoja na watoto wao waliozaliwa nje, walianza kurudi Rwanda. Walirudi na ng'ombe, na vyombo, na lugha za nchi walizotoka. Na wachache kati yao walirudi na kriketi.

Mwaka 1999 chama cha kriketi cha Rwanda kiliundwa. Mwaka 2003 kilikubaliwa katika baraza la kriketi la dunia, katika daraja la chini kabisa. Mwaka 2003, kama nilivyosema, ndio aliozaliwa Henriette. Kwa hiyo yeye na mchezo wake ni kama watoto wa rika moja, na sidhani kwamba kuna mtu angeweza kulipanga jambo hilo.

Chama kilikuwapo, lakini kiwanja hakikuwapo. Kwa miaka mingi walichezea Kicukiro, katika mji wa Kigali, kwenye uwanja wa shule ya ufundi. Mahali pale pana historia nzito. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao 2,000 walikuwa wamekimbilia katika shule hiyo, kwa kuwa askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa hapo. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondolewa. Watu walichukuliwa hadi kilima cha Nyanza, na wengi sana wakauawa huko. Miaka michache baadaye vijana wakawa wanarusha mipira katika uwanja ule ule. Mtu anaweza kuuliza kama ilifaa kuchezea hapo. Mimi nadhani hawakuwa na mahali pengine, na katika nchi ile kila kilima kina habari yake.

Kiwanja cha kweli kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 2017 huko Gahanga, kusini ya Kigali. Jengo lake lina mapaa ya matao, na matao hayo yamejengwa kwa vigae vya udongo wa huko huko, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Vigae havikuchomwa kwa moto. Ninyi mnaochoma matanuri ya matofali na kuona miti inavyokwisha, fikirini juu ya udongo huo. Lakini nisipotee njia.

Baada ya kiwanja ikaja sheria. Zamani mechi iliyohesabiwa kuwa ya kimataifa katika kriketi ilikuwa ya nchi chache zilizopewa cheo hicho. Nchi nyingine zikicheza, hata kwa bendera na wimbo wa taifa, mechi zao hazikuandikwa katika vitabu vikubwa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 baraza la kriketi lilibadili jambo hilo kwa upande wa wanawake: kila mechi ya ova 20 kati ya nchi zilizo wanachama ingehesabiwa kuwa ya kimataifa. Kwa sheria hiyo msichana wa Rwanda, au wa Tanzania, angeandikwa katika kitabu kimoja na wasichana wa Australia.

Mwezi wa Januari 2019 timu ya wanawake ya Rwanda ilisafiri hadi Abuja, Nigeria. Hizo zilikuwa mechi za kwanza za Rwanda chini ya sheria mpya. Katika kikosi alikuwamo Henriette Ishimwe, mwenye miaka 15. Hesabuni wenyewe: alizaliwa Oktoba 2003, na hii ni Januari 2019. Msichana wa umri huo, hapa kwetu, wazazi wengi wangesita kumwacha aende Bukoba peke yake.

Siwezi kusema kwamba mwanzo huo ulikuwa wa heshima tupu. Sheria iliyofungua mlango iliruhusu na maajabu kuingia. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Kigali palikuwa na mashindano ya wanawake yanayoitwa Kwibuka. Neno hilo kwa Kinyarwanda maana yake ni kukumbuka, nayo yalianza kuchezwa mwaka 2014 kwa ajili ya kuwakumbuka waliouawa. Timu ya Mali ilicheza na Rwanda ikatolewa yote kwa mikimbio 6. Sikukosea kusoma: mikimbio 6, timu nzima. Rwanda ilizipita hesabu hizo kwa mipira 4. Watu wa nje walicheka. Hawakufikiri kwamba wasichana wa Mali walikuwa wamefika mahali pale Rwanda ilipokuwa miaka michache iliyopita. Na mkitaka kujua, washindi wa mashindano hayo ya 2019 walikuwa wanawake wa Tanzania.

Basi msidhani kwamba Rwanda ilikuwa juu yetu. Mwaka 2022 Tanzania ilishinda Kwibuka tena. Lakini mwezi wa Septemba mwaka huo huo wasichana wa umri wa chini ya miaka 19 kutoka nchi za Afrika walikutana Gaborone, Botswana. Kulikuwa kunatafutwa timu moja, moja tu, ya kwenda katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa umri huo. Mechi ya mwisho ilikuwa Rwanda na Tanzania. Rwanda ilishinda, na wasichana wetu wakarudi nyumbani. Tofauti kati ya msichana atakayesomwa leo katika radio na msichana asiyesomwa ilikuwa alasiri moja Gaborone.

Kombe lenyewe lilichezwa Afrika ya Kusini mwezi wa Januari 2023, timu 16. Kabla ya hapo hakuna timu yoyote ya Rwanda, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika katika Kombe la Dunia la kriketi. Nahodha alikuwa Gisele Ishimwe. Msidhani kwamba Gisele na Henriette ni ndugu kwa sababu ya jina. Rwanda, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu Wanyambo, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, halirithiwi na ukoo mzima. Mwalimu wao alikuwa Leonard Nhamburo, mtu wa Zimbabwe. Kumbukeni hilo.

Mechi ya kwanza walifungwa na Pakistan. Ya pili ilikuwa tarehe 17 Januari, siku ya Jumanne, katika mji wa Potchefstroom, nayo ilikuwa na Zimbabwe. Zimbabwe imo katika daraja la juu la kriketi tangu mwaka 1992, kabla Rwanda haijawa hata na chama.

Rwanda walipiga kwanza, wakapata mikimbio 119, na wapigaji 8 wakatoka. Kwa hiyo Zimbabwe walihitaji 120. Walianza, wakaenda polepole, na mmoja mmoja wakaanza kutoka. Ova 18 zilipokwisha walikuwa na mikimbio 80, na 6 walikuwa wametoka. Sasa fanyeni hesabu niliyowaahidi. Ova 2 zilibaki, yaani mipira 12. Mikimbio 40 ilihitajika. Ni kazi ngumu, lakini kwa mpigaji mwenye nguvu mpira mmoja unaweza kuleta 6, na timu ya watoto huogopa ushindi ukikaribia kama inavyoogopa kushindwa.

Ova ya 19 alipewa Henriette. Alirusha mpira wa kwanza, mpigaji mmoja akatoka. Akaingia mwingine. Mpira wa pili, naye akatoka. Katika kriketi kumtoa mtu kwa kila mpira, mara 3 mfululizo, ni jambo ambalo mrushaji anaweza kucheza miaka 10 asilipate. Mpira wa tatu, akatoka mwingine. Alibaki mmoja wa kutolewa. Mpira wa nne, naye akatoka. Watu 4 kwa mipira 4, wala mkimbio hata 1 haukuongezeka. Zimbabwe walikuwa 80, na wakabaki 80. Rwanda ilishinda kwa mikimbio 39. Henriette alikuwa na miaka 19.

Nhamburo, yule mwalimu, alikuwa amewafundisha kuishinda nchi yake mwenyewe. Sijui kama kuna darasa gumu zaidi kwa mwalimu kuliko hilo.

Siku 2 baadaye walicheza na Uingereza, wakafungwa vibaya. Nalitaja kusudi msifikiri ninawasimulia hadithi ya sungura, ambaye hushinda kila siku. Hata hivyo walikuwa wamepata nafasi ya kuendelea katika hatua ya pili, na tarehe 22 Januari wakakutana na West Indies. Jina hilo ni kubwa katika kriketi. Wanaume wa West Indies ndio waliotwaa makombe mawili ya kwanza ya dunia, mwaka 1975 na 1979, na wanawake wao walitwaa kombe la ova 20 mwaka 2016. Wasichana wa Rwanda waliwatoa wote kwa mikimbio 70. Kisha wakaanza kuzitafuta 71, na haikuwa rahisi, maana 6 wao walitoka. Gisele, nahodha, alisimama pale pale mpaka mwisho, akapata 31 peke yake, na Rwanda ikashinda. Waliimba na kulia machozi kiwanjani.

Wenye kumbukumbu ya michezo ya Kenya watasema: hili tuliliona. Ni kweli. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, India, wanaume wa Kenya walipata mikimbio 166, wakawatoa West Indies wote kwa 93. Katika timu ile alikuwamo kijana wa miaka 17, Thomas Odoyo, naye mchezaji wa pande zote. Aliendelea kucheza makombe 5 ya dunia. Lakini Kenya ilikuwa na viwanja na vilabu tangu siku za reli. Rwanda ilikuwa na miaka 23 ya chama na miaka 5 ya kiwanja, na ndiyo maana mimi nauhesabu ushindi wa wasichana wale kuwa mkubwa zaidi. Asiyekubali na abishane na wenzake darasani baada ya radio kuzimwa.

Rwanda haikufika nusu fainali. Kombe lilichukuliwa na India, walioifunga Uingereza katika mechi ya mwisho. Henriette, kwa kuwa mashindano yale ni ya umri, asingeweza kuyarudia. Alirudi katika timu ya wakubwa, ambamo alikuwa ameanza akiwa mtoto, na ambamo kila mwaka hukutana na wanawake wa Tanzania, Uganda na Kenya wasiomwogopa hata kidogo.

Kombe la pili la wasichana lilichezwa Malaysia mwezi wa Januari 2025. Rwanda haikuwamo, wala Tanzania. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na Nigeria, nchi ile ile ambako Henriette alicheza mechi yake ya kwanza, na tarehe 20 Januari wasichana wa Nigeria waliifunga New Zealand kwa mikimbio 2.